Dampa ya usukani kwenye pikipiki ya mbio: ninunue ipi, niikaze kiasi gani?

MzeeWaSitaMia (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wenye mapikipiki ya mbio, yale ya kulalia tenki. Wa boda mnakaribishwa pia, ila msinianzie na "hiyo hela ungepata Boxer ngapi".

Naendesha Yamaha R6 ya 2008, mtumba wa Japani. R6 haiji na dampa ya usukani (kile kifaa cha oili cha kuzuia usukani usipige) kutoka kiwandani, na mimi kwa miaka miwili sikuona pengo. Mwezi wa tano Jumapili moja alfajiri nilikuwa natoka Chalinze naelekea Segera. Nimemaliza kijiji kwa 50 zangu kama kawaida, nikaona kibao cha kuruhusu, nikafungua resi. Gia ya tatu, spidi imeshapita 130, tairi la mbele likawa jepesi kabisa. Hapo lami imebonyea kwa ajili ya malori. Tairi liliporudi chini halikuwa limenyooka.

Usukani ukaanza kupiga. Kushoto kulia kushoto kulia, haraka mno huwezi hata kuhesabu, mikono yangu inagonga tenki. Nilichofanya hadi leo sijui ni akili au ni bahati: nikabana tenki kwa magoti, nikaachia ugumu wa mikono, nikarudisha resi kidogo kidogo. Ukatulia wenyewe. Nadhani yote ilichukua sekunde mbili, lakini nilizeeka.

Kilichokaribia kuniua kilikuja baadaye. Mbele kidogo kulikuwa na tuta, nikashika breki ya mbele, mkono wa breki ukaenda hadi kwenye hendeli. Hakuna kitu! Nikapampu mara mbili tatu ndiyo ikashika. Sijaelewa hadi leo kwa nini breki ziliniacha, anayejua aniambie.

Nilivyofika Dar nikaagiza dampa ya Kichina mtandaoni, ya rangi ya dhahabu, ya fimbo, bei haifiki dola 60. Fundi akafunga, nikaizungusha mpaka mwisho wa kukaza. Miezi miwili raha tupu, pikipiki imetulia kama treni. Sasa naona oili inalowesha fimbo, na mjini pikipiki inakuwa nzito, nikiwa foleni inayumba kama nimekunywa.

Nataka kununua ya maana. Maswali mawili: ipi, na inakazwa kiasi gani? Karibuni.

---

NjiaKuuMoro

Pole mkuu. Kuhusu breki hilo linajulikana. Usukani ukipiga namna ile, diski zinatikisika na kusukuma pedi, pedi zinasukuma pistoni za breki zirudi ndani. Kwa hiyo ukibana mara ya kwanza unajaza tu ile nafasi, pedi hazigusi diski. Ukishatoka kwenye mtikisiko wowote mkubwa, kabla hujahitaji breki, pampu kwanza kwa kidole. Iwe mazoea.

---

BodaHalisi

Na mimi nina Boxer 150, ikifika 90 usukani unacheza. Nifunge dampa?

---

NjiaKuuMoro

Hapana bosi. Wewe angalia upepo wa tairi, beringi za usukani, na huo mzigo unaofunga nyuma. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua mbele. Dampa kwako ni kuupaka mafuta mkono uliovunjika.

---

MzeeWaSitaMia

Asante kwa elimu ya breki, nilikuwa namlaumu fundi wa watu bure.

---

SpanaMkononi

Ngoja niingie maana nafunga hivi vitu kila mwezi. Kabla ya kukutajia dampa, nikuulize: tangu ununue hiyo R6, umewahi kubadilisha beringi za usukani? Najua jibu.

Kwanza muelewe dampa inafanya nini, maana wengi wanadhani ni spring. Siyo. Haina nguvu ya kurudisha usukani katikati. Ndani kuna oili inayopitishwa kwenye tundu dogo. Ingiza mkono taratibu kwenye ndoo ya maji, maji yanakupisha. Piga kofi, maji yanagoma. Dampa ni hivyo hivyo: ukikata kona pole pole inakuachia, usukani ukitaka kupiga kwa kasi inagoma. Ile kliki unayozungusha inafungua au kufunga tundu.

Pili, usukani unapiga kwa nini. Tairi la mbele linakokotwa, ni kama lile gurudumu la toroli. Mstari wa usukani ukiuchora hadi chini unagusa lami mbele ya pale tairi linapogusa, na huo umbali ndio unaofanya tairi lijinyooshe lenyewe. Kwenye R6 umbali huo ni milimita 97 na shingo (pale usukani unapoingia kwenye fremu) imelala digrii 24 tu. Pikipiki za safari na zile za kukaa umelala nyuma huwa na shingo iliyolala zaidi na umbali mrefu zaidi, zinatulia. Za mbio shingo imesimama zaidi ili zikate kona haraka. Tairi likitua limepinda, linajinyoosha, linapitiliza, linarudi, linapitiliza tena. Kitu chochote kilicholegea kwenye mnyororo huo kinaongeza mchezo: beringi zilizolegea au zilizolika, tairi lisilo na balansi, tairi lililoisha katikati likawa bapa, upepo mdogo, gurudumu la nyuma lililokaa upande baada ya fundi kukaza cheni kwa macho. Na dereva anayening'inia kwenye hendeli kama dirisha la daladala.

Dampa inafunika yote hayo. Ndiyo uzuri wake na ndiyo ubaya wake.

Sasa fanya hivi leo jioni. Toa dampa kabisa. Nyanyua mbele kwa stendi inayoshika kwenye shingo, siyo ile ya chini ya shokapu. Kaa chini, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma mbele nyuma. Ukisikia "tk", beringi zimelegea. Kisha simama, weka usukani katikati, usukume kwa kidole kimoja. Unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho, laini, pande zote mbili. Ukihisi katikati unajikalia kama umeingia kwenye kijishimo, beringi zimekwisha. Vijishimo hivyo vinachimbwa na mipira ya beringi yenyewe kwa sababu ya matuta, pikipiki ikiwa imenyooka, miaka na miaka.

Ukipima na dampa ikiwa imefungwa hutahisi kitu. Itakudanganya.

---

DadaWaGixxer

Salamu kutoka Nairobi. Huyu wa spana amesema yote, mimi niongeze tu upande wa kununua maana nimepoteza pesa huko.

Mimi niko na GSX-R1000 ya 2007. Hiyo ilikuja na dampa ya umeme, kompyuta inaikaza spidi ikipanda na kuilegeza ukiwa mjini. Aliyeniuzia alikuwa ameitoa akaweka ya Kichina kama yako, taa ikawaka kwenye dashi, na badala ya kuniambia akaweka kipande cha stika juu ya taa! Niliijua nikiosha. Kwa hiyo ukinunua mtumba angalia taa zote zikiwaka na kuzimika unapowasha.

Honda nao walianza hiyo ya umeme kwenye CBR1000RR ya 2004, imekaa juu ya shingo mbele ya tenki. Hizo mtu usiziguse kama zinafanya kazi. Ziko sawa kuliko utakachonunua.

---

MzeeWaSitaMia

Dada hiyo ya stika imenichekesha na kunitisha. Nimekopa stendi, kesho jioni nafanya alichosema SpanaMkononi. Lakini niambieni ya kununua basi, mshahara haungoji.

---

DadaWaGixxer

Kuna aina mbili. Ya fimbo, kama yako, inashika mguu wa shokapu upande mmoja na fremu upande mwingine, au inalala juu ya shingo kwa kukingama. Na ya kuzunguka, kibox kinachokaa juu ya shingo na mkono mdogo. Öhlins ya Sweden ndiyo ya fimbo kila mtu anaiota. Hyperpro ya Uholanzi ni ya fimbo pia na nzuri. Za kuzunguka ni Scotts na GPR za Marekani. Hizi zote andaa dola 400 na zaidi ukijumlisha vishikio, halafu usafiri, halafu ushuru, halafu VAT. Kwetu VAT ni 16, kwenu Bara ni 18.

Na hapo kwenye vishikio ndipo watu wanalia. Dampa bila vishikio vya modeli yako ni pambo la mezani. Mimi nilinunua dampa nzuri kwa bei nzuri, vishikio vya modeli yangu vikawa havitengenezwi tena.

---

KitaaniKwanza

Mbona mnapenda kukuza mambo. Nina CBR miaka sita, dampa ya Kichina, hakuna shida. Majina tu haya mnalipia.

---

SpanaMkononi

KitaaniKwanza inawezekana kabisa yako ni nzima, sibishi. Siyo kila cha Kichina ni kibovu, tatizo ni kwamba mbili za boksi moja hazifanani. Kwa hiyo usinunue kwa jina, nunua kwa mkono. Ukiwa dukani au ukipokea mzigo:

Shika mwili mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, ikiwa imelegezwa kabisa, sukuma na vuta. Ugumu uwe sawa kwenda na kurudi. Dampa nzuri ya fimbo, fimbo inatokea pande zote mbili, ndiyo maana inakuwa sawa. Kisha geuza mwelekeo haraka haraka, kwenda-rudi kwenda-rudi, mwendo mfupi wa kama milimita tano. Ukihisi kuna uwazi mtupu kabla haijagoma, kuna hewa ndani. Hiyo ni ya kurudisha, kwa sababu mtikisiko wa usukani unaanza na mwendo mfupi hivyo hivyo. Dampa yenye uwazi katikati itakuja kufanya kazi usukani ukishapiga mbali.

Halafu zungusha kliki kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa unasukuma. Nyingi za bei rahisi kliki kumi za kwanza hazibadilishi kitu, halafu mbili za mwisho zinakuwa zege. Mwisho, ilaze juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi soma gazeti.

Na ile yenye stika ya Öhlins kwa dola 70 haikupita Sweden hata kwa ndege.

---

MbongoBremen

Huku Ujerumani niongeze kitu kidogo. Sheria ya huku huwezi kufunga dampa yoyote tu, lazima ije na hati ya kuonyesha imekubaliwa kwa modeli yako ya pikipiki, vinginevyo mkaguzi anakurudisha nyumbani. Nilikuwa naona ni urasimu hadi siku niliposoma hati yenyewe. Nusu ya maandishi ni kuhusu jambo moja: usukani ukikatwa hadi mwisho, dampa isiwe imefika mwisho wake. Yaani kinachozuia usukani kiwe ni vile vizuizi vya chuma kwenye fremu, siyo dampa.

Fikiria dampa fupi kwenye pikipiki yako, uko kwenye maegesho, unakata kona kali, fimbo imegota kabla usukani haujafika. Hendeli haiendi tena na mguu umeshauweka vibaya. Unaanguka na spidi ya mtembea kwa miguu. Ikiwa barabarani ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo baada ya kufunga, kata kushoto hadi mwisho, angalia fimbo imebakiza milimita ngapi. Kata kulia, angalia tena. Lazima ibaki nafasi pande zote mbili, na usukani ukiwa katikati, dampa iwe katikati ya mwendo wake. Angalia pia kama waya au paipu ya breki haibanwi.

---

SpanaMkononi

Ahsante sana, hilo nilipaswa kulianza mimi. Nimeshaona dampa imekata paipu ya breki ya mbele.

Na kingine cha R6: watu wanaagiza kishikio cha shokapu cha milimita 41 kwa sababu wamesoma shokapu ni 41. Hiyo 41 ni bomba la ndani, lile la chini linaloingia na kutoka. Kishikio kinakaa kwenye bomba la nje, la juu, ambalo ni nene zaidi. Pima mwenyewe kwa venia (kile kipimo cha kubana cha milimita) pale utakapofunga, ndipo uagize. Na ukifunga usikaze kama unafunga gurudumu la lori. Bomba la shokapu likibanwa linakuwa yai, shokapu inaanza kukwama, na hapo umeharibu kitu cha gharama ili kufunga kitu cha bei rahisi.

---

PwezaMuscat

Huku Oman joto la kiangazi linavuka 45, na lami ni moto zaidi. Dampa niliyoipanga asubuhi, mchana ni kama sijafunga, oili imekuwa maji. Basi mie naongeza kliki mbili mchana na usiku nazirudisha. Wenzangu wa pwani mkumbuke hilo, usipange ukiwa ndani ya gereji yenye kivuli ukadhani umemaliza.

---

KitaaniKwanza

Sasa mkuu wa spana, kwa nini asikaze tu mwisho aende zake? Si ndiyo usalama zaidi?

---

SpanaMkononi

Hapana. Swali zuri lakini, maana ndicho alichofanya mleta uzi.

Pikipiki kwenye spidi ndogo inasimama kwa sababu wewe, bila kujua, unakata usukani kidogo kidogo kuipatia mizani. Ukiuzuia usukani usifanye kazi hiyo, pikipiki inaanza kuandika nane barabarani. Ndiyo ule "ulevi" wake kwenye foleni.

Kwenye spidi kubwa kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. Kuna usukani kupiga haraka, kama mara sita hadi kumi kwa sekunde, mbele tu. Hapo dampa inasaidia. Na kuna pikipiki nzima kuserereka taratibu kama nyoka, mara mbili tatu kwa sekunde, mkia unakwenda kushoto kichwa kulia. Huo wa nyoka dampa iliyokazwa sana inaweza kuuzidisha, kwa sababu umezuia tairi la mbele lisijinyooshe. Ukiuhisi unyoka, usiende kukaza. Legeza, na uangalie mzigo, tairi la nyuma, na beringi za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma.

---

MzeeWaSitaMia

Wakuu. Nimetoa dampa.

Kuvuta shokapu mbele nyuma, hakuna "tk". Nikajipongeza. Nikaweka usukani katikati, nikasukuma kwa kidole.

Haukuanguka. Ulikaa pale pale katikati kama mlango wa jokofu. Nikasukuma zaidi, "klup", ukatoka, ukaanguka vizuri. Nikarudisha, "klup", ukakaa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akauliza kwa nini nimekaa chini kwenye saruji bila kusema kitu.

Yaani miezi miwili nimekuwa naendesha na kijishimo hicho, na dampa imekifunika nikasema pikipiki imetulia kama treni.

---

NjiaKuuMoro

Pole lakini hongera. Umekipata gereji, siyo Segera.

---

DadaWaGixxer

Hiyo "klup" ikitokea kwa kona ya Naivasha, upepo wa bonde unakusukuma na usukani hautaki kutoka katikati... wacha tu.

---

SpanaMkononi

Basi hela ya dampa iweke pembeni kwanza. Nunua beringi za usukani, seti nzima juu na chini pamoja na bakuli zake, zile pete ambazo mipira inazungukia. Wengi wanabadilisha mipira wanaacha bakuli la zamani lenye vijishimo, kazi bure. Zipo za koni, zenye vipande vya umbo la koni badala ya mipira, zinavumilia matuta yetu kuliko za mipira, ila zinataka kukazwa kwa adabu.

Kukaza kwenyewe: nimeona sana nyundo na patasi kwenye ile nati ya mviringo. Ukiona fundi anachukua patasi, chukua funguo zako. Nati ile ina spana yake ya meno na kitabu cha pikipiki kinatoa namba mbili. Unakaza kwanza kwa nguvu ili beringi zikae, unazungusha usukani mara kadhaa, unalegeza kabisa, halafu unakaza tena kwa nguvu ndogo tu. Hiyo ya pili ndiyo unayoendeshea. Usukani baada ya hapo uanguke wenyewe bila kukokota wala kucheza. Endesha kilomita mia tano hivi, rudi upime tena, maana mpya zinajikalisha.

Na tairi ulibalansi lini?

---

MzeeWaSitaMia

Tairi la mbele... liko bapa kidogo katikati. Niko Dar, ni barabara ndefu iliyonyooka kila siku, mnajua wenyewe.

---

KitaaniKwanza

Nimeenda kupima ya kwangu kimya kimya. Sitasema matokeo.

---

BodaHalisi

Hahahaha sema tu mkuu.

---

KitaaniKwanza

Klup.

---

MbongoBremen

Kwa wanaoona dampa ni mambo ya kujionyesha, historia kidogo. Mwaka 1997 Suzuki walitoa TL1000S. Ilikuwa na nguvu, nyepesi mbele, na usukani ulipiga watu hadi ikapata jina baya. Suzuki waliziita pikipiki zirudi zikafungwa dampa. Kawasaki ZX-10R ya 2004 ilitoka bila dampa na watu wakalalamika vile vile, na ile ya 2006 ikaja na Öhlins kutoka kiwandani. Kwa hiyo kuna pikipiki ambazo kila kitu ni kizima na bado zinahitaji. R6 ikiwa nzima na uko kwenye lami nzuri, unaweza kuishi bila. Kwa matuta na mabonyeo ya malori, mimi ningefunga.

Na hapo kuna njia ya bei: zile dampa za kiwandani za ZX-10R na GSX-R zisizo za umeme zinapatikana kwa wanaobomoa pikipiki zilizoanguka. Bei inaweza kuwa nusu ya mpya au chini. Vishikio utachongesha kwa mchonga vyuma, lakini kwa aluminiamu ya maana, na pima mwendo wa fimbo kama nilivyosema.

---

MzeeWaSitaMia

Wiki tatu zimepita, narudisha mrejesho kwa sababu nachukia nyuzi zinazokufa katikati.

Beringi za koni zimefungwa, na bakuli zake. Fundi niliyemwendea alikuwa na spana ya meno, nilimwomba anionyeshe kabla hajaanza, akanitazama kama mkwe. Tairi jipya la mbele, limebalansiwa. Cheni imepimwa pande zote mbili kwa rula.

Kisha nikaendesha wiki nzima BILA dampa, kama SpanaMkononi alivyoniagiza inboksi. Nikaenda Bagamoyo na kurudi. Kwenye mabonyeo hendeli inatikisika mara moja, inatulia. Mara moja! Nikagundua kitu cha aibu: ule mpigo wa Segera, sehemu kubwa ilikuwa beringi. Nilikuwa nanunua dawa ya usingizi kwa jino bovu.

Dampa bado nimenunua, kwa ajili ya siku ile ambayo tairi litanyanyuka tena. Ya fimbo, mtumba wa Hyperpro kutoka kwa mtu aliyeuza pikipiki, vishikio vya R6 vikiwemo. Nimeilaza kwenye gazeti, gazeti kavu. Uwazi hakuna.

Kuipanga nimefanya hivi, mnisahihishe. Nimelegeza yote hadi mwisho, nikahesabu kutoka pale. Uwanja mtupu, nane za taratibu, kliki moja moja. Pale pikipiki ilipoanza kugoma kuingia kwenye kona nikarudi kliki mbili. Hiyo ndiyo ya mjini kwangu, kliki ya tatu. Kisha barabara kuu, naongeza moja, napita kipande kile kile cha mabonyeo, kwa spidi ile ile, mikono laini. Kliki ya sita mtikisiko ukawa unakufa kabla sijauhisi vizuri. Ya nane nikaona hendeli inanirudishia uvivu kwenye kona ya Kerege, nikarudi sita. Kwa hiyo tatu mjini, sita safari. Nimeandika kwa kalamu ya rangi chini ya tenki.

---

SpanaMkononi

Hakuna cha kusahihisha. Ila kabla ya kila safari ndefu toa boliti moja ya dampa, fanya kipimo cha kidole, rudisha. Dakika mbili.

---

PwezaMuscat

Na mchana wa joto kali, saba.

---

DadaWaGixxer

Ile ya Kichina umefanyia nini? Usimuuzie mtu tafadhali.

---

MzeeWaSitaMia

Iko gereji juu ya msumari. Chini yake nimeweka kopo la maziwa, leo asubuhi lilikuwa na oili kama ya kukaangia chapati moja.